Altezza ya Kampala: soma chasisi kabla ya kutoa pesa

KAMPALA. Kwenye bondi za magari za Nakawa, gari linalokusanya watu mara nyingi si pikapu wala basi dogo la abiria. Ni Subaru Impreza ya buluu, bawa nyuma, tundu la hewa juu ya boneti. Nchi iliyotoa bingwa wa Afrika wa mbio za magari mwaka 1999, Charles Muhangi, haijaacha kupenda magari ya namna hii.

Mfanyabiashara aliyetoka Busia au Mutukula kufuata bidhaa naye hushawishika. Huona gari la miaka ishirini linang'aa, akaanza kupiga hesabu ya faida ng'ambo ya mpaka. Hesabu hiyo ianzie kwenye sheria, injini itafuata.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi miaka minane. Tanzania haizuii kwa umri, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na faida inaweza kuishia hapo. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, na usukani wa Kijapani nao uko kulia. Kwa kifupi, gari la spoti la zamani lililonunuliwa Kampala ni la kuendeshwa na kuuzwa Uganda.

Uganda yenyewe ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Toyota Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani 2005. Kwa hiyo Altezza inayouzwa Kampala leo inapaswa kuwa na namba ya Uganda na kadi yake tayari. Dalali akisema imeshuka melini juzi, aulizwe kama haikupitishwa kwa jina la transiti kwenda nchi nyingine. Forodha wakilifuata gari hilo watamkuta mnunuzi, dalali hatakuwepo.

Kisha namba ya chasisi. Isomwe kwenye gari lenyewe, ilinganishwe na kadi, na herufi zake za mwanzo zieleweke. Altezza ya SXE10 ndiyo RS200 yenye injini ya 3S-GE. GXE10 ni AS200, yenye 1G-FE ya silinda sita, gari zuri la kutembelea lakini nguvu zake ni ndogo. Kwa Impreza za 2000 hadi 2007, WRX STI huanza na GDB. Bawa, ringi pana na nembo nyekundu hufungwa gereji kwa siku moja, na wako wanaolipia bei ya STI wakapewa Impreza ya kawaida iliyovishwa.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha mapema kabla mteja hajafika huenda ana sauti anayoificha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, kutoka kwenye ringi za pistoni au turbo. Moshi mweupe usiokoma injini ikishapata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Kifuniko cha oili kikiwa na utando kama maziwa, maji na oili vimekutana, na mazungumzo ya bei yaishie hapo. Kwa Impreza za turbo, mlio wa kugonga kutoka chini ya injini mara nyingi ni beringi za krankishafti, na hiyo ni kufungua injini nzima. Mkanda wa taimingi nao uulizwe ulibadilishwa lini. Ukikatika, valvu hupigwa na pistoni.

Kuna jambo wauzaji hawalitaji: turbo nyingi za soko la Japani ziliundwa kwa petroli ya oktani 100. Petroli ya vituo vingi vya kanda hii haifiki hapo, na aliyeikanyaga bila kurekebisha injini ameichosha hata kama bodi haina mkwaruzo.

Bodi yenyewe haihitaji muda mrefu. Zulia la buti liinuliwe, tairi la akiba litolewe. Chuma kilichokunjamana au kuchomelewa upya chini yake ni ajali iliyopakwa rangi. Hati ya mnada wa Japani ikiwepo, alama ya R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi apite soko la Kisekka na kuuliza bei ya turbo, klachi na shokomzoba za gari hilohilo. Wenye maduka pale watamwambia pia kama spea hizo hupatikana au husubiriwa.