Kumchora Dinosaria Mwenye Manyoya

Wengi wetu tulimjua dinosaria kwa filamu ya Jurassic Park ya mwaka wa 1993. Humo mna Velociraptor, kimo cha mtu, ngozi tupu kama ya mamba. La hasha, hakuwa hivyo! Alikuwa na ukubwa wa bata mzinga hivi. Tena mwaka wa 2007 wataalamu waliuchunguza mfupa wa mkono wake uliochimbwa Mongolia, wakaona vivimbe vimepangana mstari. Vivimbe kama hivyo vimo kwenye bawa la ndege wengi wa leo, pale manyoya makubwa yanaposhika. Kabla ya hapo, mwaka wa 1996, Uchina ilitangaza Sinosauropteryx, ambaye jiwe lilihifadhi manyoya yake membamba, mfano wa kifaranga.

Basi wachoraji wakaanza kuwavika manyoya, na hapo ndipo penye taabu. Wengi huchora mjusi kwanza, kisha humbandika manyoya juu kama mtu aliyeazima koti. Anayetazama hucheka: "Ati huyu naye ni mnyama?" Akishacheka, haamini tena hata habari yenyewe, nayo ni ya kweli. Hilo ndilo linaloniudhi.

Dawa tunayo hapa hapa Wusi. Ni kuku.

Siku kuku akichinjwa nyumbani, mtazame akishanyonyolewa, kabla nyanya hajamkatakata. Vitundu vya manyoya havikutawanyika ovyo. Vimekaa safu safu, na kati ya safu kuna ngozi tupu. Shingo ni ndefu na nyembamba, imepinda kama herufi S, ingawa kuku akiwa hai huioni. Goti nalo limefichwa karibu na tumbo. Kile tunachodhani ni goti lililopinda kinyume ni kifundo cha mguu. Ukianza na mwili huo, ndipo uuvike manyoya, mnyama wako atasimama.

Manyoya huelekea nyuma, toka kichwani hadi mkiani, kila safu ikifunika inayofuata kama mabati ya paa. Yale makubwa ya bawa hayaning'inii kwapani kama pindo la leso. Yameshika mfupa ulio kati ya kiwiko na kiganja, yakaendelea hadi kidole cha pili. Viganja vyenyewe hutazamana, kama vya mtu anayetaka kupiga makofi.

Wala usichore unyoya mmoja mmoja mwili mzima! Kuku akiwa mbali kidogo, unaona manyoya ya bawa na mkia tu, kwingine ni umbo. Na umbo hilo hubadilika. Asubuhi ya ukungu wa milima yetu hujitutumua akawa duara. Jua likiwaka hubana manyoya, akakonda. Kuku ni yule yule.

Rangi je? Mwaka wa 2010 wataalamu walikuta chembe za rangi ndani ya manyoya ya Sinosauropteryx, wakasema mkia wake ulikuwa na pete za kahawia nyekundu na nyeupe. Si lazima kila dinosaria afanane na kasuku.

Kwa mnyama mkubwa, kuku hatoshi. Teremka Voi, uingie Tsavo Mashariki ukamtazame mbuni. Mapaja yake ni matupu, na ya dume yana rangi ya samawati iliyofifia. Nilimkumbuka mbuni huyo nilipomchora Elaphrosaurus, dinosaria wa kwetu Afrika Mashariki. Alichimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania, katika kazi ya Wajerumani ya miaka ya 1909 hadi 1913. Wachimbaji walikuwa wenyeji, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na mifupa ikapelekwa Berlin. Elaphrosaurus alikuwa na urefu wa mita 6 hivi, mwembamba, miguu mirefu. Kichwa hakikupatikana, wala alama yoyote ya manyoya.

Kwa hiyo, kwenye ubao wa chama chetu, nimempa ngozi ya magamba na manyoya machache mgongoni, kwa penseli hafifu, nikaandika chini kuwa manyoya na kichwa ni makisio. Mwenzangu mmoja alitaka nimwongezee kishungi cha jogoo. Nilikataa, tukabishana hadi kengele ikalia, na bado anasema mnyama wangu amepooza.