Mtaji Peke Yake Si Kibali cha Kukaa Ugenini



Mara kwa mara wanachama wetu wa viwandani Bujumbura na wale wa mashamba ya chai, hasa wanaokaribia kustaafu au waliopunguzwa kazini, huuliza swali moja: "Nikichukua malipo yangu ya mwisho nikavuka kwenda Kigoma, Kampala au Nairobi, nikafungua duka au karakana, je, serikali ya huko itaniruhusu kukaa?"

Swali hili si dogo. Malipo hayo ni jasho la miaka ishirini au thelathini, na yakipotea hayarudi. Basi tulieleze hatua kwa hatua.

KUTEMBEA NA KUKAA NI MAMBO MAWILI

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa sahihi Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa itifaki hiyo, raia wetu anayeingia nchi mwenzetu kama mgeni hupewa pasi ya kukaa hadi miezi sita.

Pasi hiyo ni ya kutembea: kuona ndugu, kutazama soko, kuuliza bei. Si ya kuajiriwa wala ya kufungua biashara. Mtu akigongewa muhuri mpakani Kabanga au Manyovu, na wiki ijayo akakaa nyuma ya meza ya duka lake, amekwisha kuingia makosani, hata kama fedha ni zake halali.

NJIA ZENYEWE NI MBILI

Njia ya kwanza ni ya mfanyakazi mwenye mkataba wa ajira, nayo imeelezwa katika Kifungu cha 10. Mfanyakazi huyo ana haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, ya kushiriki katika mapatano ya pamoja, na ya hifadhi ya jamii, kwa kufuata sheria za nchi aliyomo.

Njia ya pili ni ya mtu anayejitegemea au anayeanzisha kampuni. Hii imo katika Kifungu cha 13. Kifungu cha 14 ndicho kinachotoa haki ya kukaa kwa watu wa njia zote mbili, pamoja na mke au mume, watoto na wanaowategemea.

Tuangalie vizuri mpango huo. Haki ya kukaa inafuata kazi au biashara. Biashara ikifa, kibali nacho kimepoteza mguu wa kusimamia. Na ukaazi wa kudumu itifaki imeuacha mikononi mwa sheria za kila nchi.

Hapa pana mtego. Tajiri anaweza kumwambia kibarua: "Usije kama mwajiriwa, njoo kama mshirika wangu, utapata karatasi upesi." Mshirika hana mshahara wa kudai, hana likizo, hana fidia akiumia. Kama unaamka alfajiri kwa amri ya mtu mwingine na kulipwa naye, wewe ni mfanyakazi. Dai mkataba wa kazi.

KILA NCHI INA MLANGO WAKE

Tanzania hutoa kibali cha ukaazi cha Daraja A kwa mwekezaji na mtu anayejitegemea, na Daraja B kwa mwajiriwa. Kibali cha kazi ni karatasi nyingine, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni. Kuwa na kimoja si kuwa na kingine.

Kenya, kwa kibali chake cha kawaida cha mgeni mwenye biashara, imedai mtaji wa dola 100,000. Kenya, Rwanda na Uganda ziliondoleana ada za vibali vya kazi kwa raia wao. Usidhani nafuu hiyo ni ya kila raia wa Jumuiya mpaka umeuliza.

Tena sheria hubadilika. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri iliyotaja shughuli 15 ambazo asiye raia hatapewa leseni yake. Kati yake zilikuwamo biashara ya jumla na rejareja, utengenezaji wa simu, saluni, uwakala wa fedha kwa simu, ununuzi wa mazao shambani na viwanda vidogo. Adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo hadi miezi sita, na kufutiwa kibali. Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inapingana na Soko la Pamoja.

Ndugu, tazama orodha hiyo tena. Hizo ndizo biashara ambazo mtu wa mtaji mdogo huweza kuzianza!

Wengine husema, "Nitaandikisha kwa jina la rafiki yangu raia." Amri hiyo ilimtia hatiani hata raia anayemsaidia mgeni: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Na siku mkigombana, duka ni la nani? Kwa karatasi ni lake. Ni hivyo hivyo kwa kiwanja. Ardhi itifaki imeiachia sheria za kila nchi, na Tanzania haimpi asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa.

HABARI ZA ULAYA NA MAREKANI

Wapo mawakala wanaopita mitaani wakisema kwamba kwa fedha kidogo utanunua hisa na kupata ukaazi ng'ambo. Marekani, tangu mwaka 2022, njia ya mwekezaji imedai dola 800,000 kwa uchache, na kuajiri watu kumi. Ureno iliondoa njia ya kununua nyumba mwaka 2023. Hispania ilifuta mpango wake tarehe 3 Aprili 2025. Milango hiyo ilijengewa matajiri, na hata wao wamefungiwa mingine. Anayekuuzia kwa faranga za mfanyakazi anakuuzia hewa.

KABLA YA KUVUKA

1. Uliza ubalozi au ofisi ya uhamiaji ya nchi hiyo: biashara hii iko wazi kwa raia wa Burundi leo? Usiridhike na neno la wakala.

2. Omba kibali kwanza, kodi chumba cha duka baadaye.

3. Kila karatasi iwe kwa jina lako, na kila malipo yawe na risiti ya serikali.

4. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Unaweza kukata rufaa.

5. Pita INSS ujue haki yako ya pensheni kabla hujaondoka.

6. Usivuke na fedha zote. Januari 2024 mpaka wetu na Rwanda ulifungwa, na wenye mali upande wa pili walibaki wakiitazama kwa mbali.

Hatumkatazi mtu kutafuta maisha. Haki ya kuvuka na kufanya biashara imeandikwa, na ni yetu. Lakini haki hutumiwa na mwenye kuijua. Kabla ya kutoa faranga ya kwanza, lete karatasi zako kwa mjumbe wa chama kazini kwako, zisomwe na watu zaidi ya mmoja.