Kuhamia Tunduma

Mtu anayeshuka Tunduma na begi lake, akitokea Iringa, Sumbawanga au Dar es Salaam, hana sababu ya kuuonea haya ugeni wake. Sensa ya 2012 iliukuta mji huu una watu 97,562. Ile ya 2022 ikahesabu 219,309. Uzazi peke yake hauwezi kufanya kazi hiyo kwa miaka kumi. Wengi wa walioongezeka walishuka kwenye basi kama yeye. Hata mkoa wenyewe ni mchanga: Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.

Kilichowaleta watu ni barabara. Njia kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inakutana hapa na ile ya Sumbawanga, na mbele kidogo, kwa mwendo wa miguu, ni Nakonde, Zambia. Mafuta, mbolea na magari yaliyotumika yanashuka kusini. Shaba ya Zambia na Kongo inapandishwa kwenda bandarini. Malori hayo yakisimama, na husimama sana, dereva anahitaji kula, kuoga, kulala, kuziba pancha na kupata mtu wa kumshughulikia nyaraka. Hapo ndipo mgeni anapopata mkate wake. Mawakala wa forodha na vijana wao wa kukimbiza karatasi, mafundi wa matairi, mama lishe, wenye gesti, bodaboda, wauza laini za simu: wote wanaishi kwa kusubiri kwa mtu mwingine. Kazi ya kibarua hupatikana haraka kuliko katika miji mingi ya ukubwa huu, na hakuna anayeuliza baba yako ni nani.

Chumba nacho hupatikana haraka, ukiwa na dalali na kodi ya miezi kadhaa mkononi. Lakini mpangaji mwenye akili haanzi kuuliza kodi, anaanza kuuliza maji. Mabomba hayajawahi kwenda sambamba na kasi ya kujenga nyumba, na kilio cha maji ni cha miaka mingi. Tofauti ya mtaa na mtaa, iwe Sogea, Majengo au Maporomoko, inaweza kuwa tofauti ya kufungua koki na kununua dumu. Jambo la pili ni blanketi. Mtu wa pwani aliyezoea kulala na shuka huipata habari yake mwezi Juni na Julai, upepo wa nyanda za juu unapovuma usiku kucha. Mvua zikikatika huanza vumbi, nalo halichagui mtaa.

Baada ya chumba ni mwenyekiti wa mtaa. Kwingine Tanzania mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kujitambulisha na asidhurike. Hapa ni mpakani. Kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa si makaratasi ya kuhifadhi sandukuni, maana maofisa wa uhamiaji wana haki ya kutaka kujua wewe ni raia wa wapi, na lafudhi ya Kiswahili peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Halafu kuna saa. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo saa mbili asubuhi ya Tunduma ni saa moja ya Nakonde. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo hujirudisha nyuma yenyewe, na mgeni anayetegemea kengele yake anachelewa kazini bila kosa lolote. Wazoefu huuliza kwanza, "Saa ya wapi?" kabla ya kukubali miadi. Pesa nazo ni mbili. Kwacha na shilingi zinapishana sokoni, na bei ya kubadilisha hupanda na kushuka kiasi kwamba muuza nguo anaifuatilia kama mkulima anavyofuatilia mawingu. Mwaka 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye kwacha yake, hivyo noti yenye tarakimu ndogo inaweza kuwa pesa nyingi. Wabadilishaji wa barabarani wanajua kabisa nani bado anahesabu vidole.

Kuvuka kwenyewe kumerahisishwa. Oktoba 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani. Anayetoka Tanzania anamaliza taratibu za nchi zote mbili upande wa Nakonde, na anayetoka Zambia anazimalizia Tunduma. Foleni ya malori haikuisha, lakini mtu wa kawaida mwenye hati yake hapotezi siku. Wenyeji wengine bado hupita njia za panya wakienda msibani au kununua vitu vidogo. Mgeni anayewaiga hana shangazi upande wa pili wa kumtetea akikamatwa.

Shangazi huyo si utani. Mpaka huu ni tunda la mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, na uliwapitia Wanyamwanga katikati. Ukoo mmoja una makaburi huku na mashamba kule. Mgeni anayekaa macho hujifunza kuwatambua kwa majina: wanaume wa ukoo huitwa kwa jina linaloanza na Si-, wanawake kwa Na-, kama Sinyangwe na Nanyangwe. Kuna Wanyiha kutoka Mbozi, Wandali wa Ileje, Wanyakyusa na Wakinga waliofuata biashara, na Kibemba kinachoingia kutoka ng'ambo. Kiswahili kinawaunganisha wote, ila anayejua kusalimia kwa lugha mbili tatu hupunguziwa bei.

Pamoja na wepesi huo wote, Tunduma ina upweke wake, na wasiousema ni wale wasiokaa. Jirani wa leo ni dereva, kesho yuko Lubumbashi. Mpangaji mwenzako amehama bila kuaga. Watu wanakukaribisha upesi kwa sababu hawatarajii utakaa. Anayetaka kuota mizizi hulazimika kujiingiza mwenyewe: kwaya ya kanisa au safu ya msikitini, kikundi cha kuweka na kukopa, na zaidi ya yote daftari la michango ya misiba. Jina likishaandikwa humo, mtaa huanza kukuita kwa jina la mtoto wako.

Vwawa, makao makuu ya mkoa katika wilaya ya Mbozi, ni kinyume chake. Huko mgeni ni mwalimu au mtumishi aliyeletwa na barua ya kupangiwa kituo. Mshahara wake una uhakika, jioni yake ni ndefu, na anasalimiwa na kila anayepishana naye mpaka anachoka kuitikia. Mwishoni mwa wiki anaweza kwenda Ndolezi kuangalia kimondo, au kukaa nyumbani. Asishangae tu akiambiwa Uwanja wa Ndege wa Songwe hauko Songwe; uko mkoani Mbeya.

Aliyechagua Tunduma amechagua pia hatari yake. Mei 2020, wagonjwa wa korona walipoongezeka Nakonde, Zambia ilifunga mpaka kwa siku kadhaa, na riziki ya mji ikafungwa nao. Septemba 2025 mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya Kichina ya CCECC ulisainiwa ili kuifufua TAZARA, reli ya kilomita 1,860 inayopita hapa hapa. Mizigo ikipanda treni, dereva hatalala gesti. Kila mtu mjini analaani foleni, lakini ni wachache wangependa iishe kabisa.

Ndiyo maana wahamiaji wenye kuona mbali hawaachi kila kitu barabarani. Mwenye akiba hununua kiwanja upande wa Mpemba, au hukodi shamba la mahindi na kulima msimu mmoja kujaribu. Mwaka 2024, ukame ulipoipiga Zambia, nchi hiyo ilikubaliana na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kununua tani 650,000 za mahindi ya Tanzania, na kwa mwenye gunia ghalani, mteja alikuwa ng'ambo ya pili tu.