Sasisho la Kompyuta na Mtandao wa Nyumbani

Wakazi wengi wa Mwanza wenye kompyuta majumbani, wawe wa Capri Point au wa Igoma, wanaijua hali hii: jana jioni kila kitu kilikuwa barabara, usiku kompyuta ikajisasisha yenyewe, na leo asubuhi, ilhali taa za rauta zinawaka kama ada yake na jina la waifai linaonekana kwenye kioo, hakuna ukurasa unaofunguka, ama kurasa zinafunguka lakini printa iliyokuwa ikitii juzi haitambuliki tena. Aghlabu mwenye nyumba hapo hushika sindano, akabonyeza kile kitundu cha nyuma ya rauta hadi taa zote zizimike, akidhani ameleta tiba, kumbe amefuta jina la mtandao, nywila na mipangilio yote aliyowekewa na fundi, na hitilafu ya asili ingali pale pale ndani ya kompyuta. Nami nashikilia kwamba sehemu kubwa ya matatizo haya hutokana na ruhusa za zamani ambazo mfumo endeshi umeziondoa kwa ajili ya usalama, na kwamba lililo sawa ni kuvirekebisha vyombo vilivyokuwa vikiishi kwa ruhusa hizo.

Kabla ya yote, sharti ithibitike kuwa sasisho linahusika. Nyumba nyingi za jiji hili hupata intaneti kwa rauta ya laini ya simu yenye kifurushi cha kuhesabika, na sasisho kubwa la Windows huweza kupakua gigabaiti kadhaa kabla mwenyewe hajaamka. Kwa hiyo kinachodhaniwa kuwa kasoro ya mfumo mpya mara nyingi ni bando lililokwisha, na salio lafaa litazamwe kwanza. Kisha chukua simu iliyounganishwa na waifai ileile, zima data ya laini yake, ujaribu kufungua ukurasa wowote. Simu nayo ikishindwa, kompyuta haina hatia. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ilizorota nchini kote, kwani hata data ya mji ulio kando ya Ziwa, mbali na pwani, kwa kiasi kikubwa husafiri kwa Mkongo wa Taifa hadi Dar es Salaam ndipo ivuke bahari. Mtu aliyesasisha kompyuta yake Jumapili ile angeweza kushinda kutwa akiitesa bure.

Ikiwa simu inapata intaneti na kompyuta haipati, iwashe upya kompyuta, na hapa naomba msomaji azingatie tofauti ambayo wengi hawaijui. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zinapozimwa kwa njia ya kawaida huhifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski na kuirejesha vilevile zinapowashwa, ili ziwake haraka. Basi anayezima na kuwasha huenda akairudisha na hitilafu aliyotaka kuikimbia, ilhali anayechagua Restart katika orodha ileile ya kuzimia huuanzisha mfumo upya kabisa. Mnamo Desemba 2016, kompyuta nyingi za Windows 10, hususan Uingereza, zilipoacha kupokea anwani za mtandao, ushauri wa kwanza uliotolewa na Microsoft ulikuwa ni huohuo wa Restart.

Tatizo likibaki, andika cmd katika kisanduku cha kutafutia, fungua lile dirisha jeusi, andika ipconfig, kisha utazame mstari wenye neno IPv4. Namba ikianza na 192.168, rauta imekwisha kuipa kompyuta anwani na maelewano baina yao yapo. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, ikangoja, haikujibiwa, ikajitungia namba ambayo haiwezi kuifikisha kwenye intaneti. Katika hali hii ya pili, andika ipconfig /release, ukisha andika ipconfig /renew. Na hilo lisipofaa, shaka iwe juu ya kiendeshi cha kadi ya waifai, ambacho huenda kilibadilishwa na sasisho, na ambacho mara nyingi huweza kurejeshwa katika toleo lake la awali kupitia Device Manager. Namba ikiwa sahihi, andika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi ilhali tovuti hazifunguki, kasoro iko katika DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, na ipconfig /flushdns hufuta kumbukumbu zake zilizochakaa. Majibu yasiporudi, angalia kama kompyuta ina programu ya VPN au ya kukinga virusi iliyowekwa kabla ya sasisho, maana programu za namna hii hujipenyeza katika njia ya data, na ile ya kale huenda ikaiziba njia hiyo mfumo unapobadilika chini yake.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni lile la vyombo vya ndani ya nyumba. Tuseme mfanyabiashara wa dagaa wa pale Mwaloni Kirumba ana kompyuta ya zamani sebuleni yenye folda ya hesabu zake, na kompyuta mpakato iliyo mpya zaidi, ambayo kwa miaka imekuwa ikiifungua folda hiyo bila kuulizwa jina wala nywila. Baada ya sasisho intaneti ipo, folda haifunguki. Kwanza na atazame katika mipangilio kama Windows sasa inauhesabu mtandao wa nyumbani kuwa Public, yaani wa hadharani kama ule wa hotelini, kwa kuwa katika hali hiyo kompyuta hujificha kwa wenzake. Akichagua Private, huenda mambo yakawa yamekwisha. Yasipokwisha, ajue kwamba tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea ulimwenguni na kuzilemaza hata hospitali za Uingereza, kikipitia udhaifu katika SMB ya kwanza, ile lugha kongwe ambayo kompyuta za Windows hutumia kushirikiana mafaili, na kwamba kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017 Microsoft iliacha kuiweka lugha hiyo katika kompyuta mpya. Kisha ikaja Windows 11 toleo la 24H2, la mwaka 2024, ambalo katika daraja la Pro hukataa kuingia kwenye folda ya mwenzake kama mgeni asiye na jina, na hutaka kila ujumbe uwe na sahihi. Folda ya mfanyabiashara wetu ilikuwa wazi kwa yeyote aliyeshika waifai yake, na aliyeufunga mlango huo amemtendea hisani.

Wako mafundi ambao, kwa kutaka mteja aondoke na furaha, huiwasha tena SMB ya kwanza au huiruhusu tena ile njia ya mgeni, na mimi nasema bila kuficha kuwa huko ni kumdhulumu mteja. Njia ya haki haichukui muda mrefu: katika kompyuta ya sebuleni fungua akaunti yenye jina na nywila, ishirikishe folda kwa akaunti hiyo peke yake, kisha katika ile mpya andika jina na nywila hizo mara moja na kuagiza zihifadhiwe. Chombo kisichojua lugha nyingine ila ile ya kale, na ambacho mtengenezaji wake hatoi tena programu mpya, kipumzishwe.

Simu nazo zina kisa chao. Katika nyumba zenye wapangaji, mwenye rauta hupenda kuandika orodha ya anwani za MAC, yaani zile tarakimu na herufi 12 ambazo kila kifaa hutoka nazo kiwandani, ili vifaa vilivyoorodheshwa tu ndivyo viingie. Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020 zilileta desturi ya simu kutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao, kusudi mwenye simu asifuatiliwe nyendo zake kila apitapo penye waifai. Ndipo simu iliyosasishwa ikawa mgeni nyumbani kwake, nywila ikiwa sahihi na rauta ikiikataa. Waweza kuingia katika mipangilio ya mtandao huo mmoja na kuiagiza simu itumie anwani yake ya asili, na itakubaliwa papo hapo. Hata hivyo orodha yenyewe ni kinga dhaifu, kwa kuwa anwani ya MAC huweza kuigwa na yeyote mwenye programu ya bure; afadhali ifutwe, rauta iwekwe katika ulinzi wa WPA2 au WPA3 kwa nywila ndefu, na nywila hiyo ibadilishwe kila mpangaji anapohama.