Mali ya Tabora Sokoni Mtandaoni (Sehemu ya Pili): Gharama ya Njia

Wiki iliyopita tulieleza namna ya kuitambua sarafu iliyogongwa Tabora mwaka 1916. Leo tuseme umeipata, umeipiga picha, na mkusanyaji wa Hamburg ameandika kwamba anaitaka. Imebaki kuifikisha, na hapo ndipo biashara nyingi huharibika.

Hesabu ya njia si ngeni Unyanyembe, eneo la Tabora. Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu, kwa safari ya miezi kama mitatu hadi Bagamoyo. Ujira wake na posho yake havikujali amebeba nini. Pembe za ndovu ziliweza kuulipa mwendo huo na bado zikaacha faida. Mtama haukuweza, hivyo uliliwa bara. Kisha kulikuwa na hongo, yaani ushuru wa kupita. Watemi wa Ugogo waliidai njiani, na kiasi chake hakikujulikana mpaka msafara upige kambi na kuanza kubembelezana. Ujira wa wapagazi mfanyabiashara aliupanga kabla hajaondoka. Hongo ilimngoja mbele.

Mnunuzi wa mtandaoni huiona hongo hiyohiyo pale anapokubali bei, kisha mwishoni akakuta ada ya usafirishaji ambayo hakuambiwa. Hata kama ada ni halali kabisa, atahisi anaibiwa. Iandike kando ya bei tangu mwanzo, na utaje siku utakazochukua kufungasha na siku za njiani.

Sasa tuzitazame sarafu zenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia Wajerumani njia ya bahari, karakana ya reli iligonga sarafu za heller 20 kwa wingi, za shaba nyekundu na za shaba ya njano. Iliyochakaa bei yake ni ndogo mno, kiasi kwamba ada ya kuituma Ulaya peke yake inaweza kuizidi. Usiiuze moja moja; changanya kadhaa pamoja na stempu za zamani katika kifurushi kimoja. Rupia 15 ya dhahabu, ile yenye tembo, ni kinyume chake. Zilitoka 16,198 tu, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba 1916, na kila moja ina uzito wa gramu saba na ushei. Kwake uzito si hoja. Gharama iko kwenye bima na saini ya mpokeaji. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinakataza sarafu kusafiri katika barua ya kawaida, kwa hiyo ulizia dirishani kabla ya kutaja ada yoyote kwa mnunuzi.

Ukiuza kitu kikubwa, tuseme kigoda cha mninga, kuna mtego wa namna yake. Kampuni za usafirishaji wa ndege huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha mara nyingi hugawanya kwa 5,000. Boksi la 40 kwa 40 kwa 50 huhesabiwa kilo 16, karibu frasila nzima, hata kama kigoda chenyewe ni kilo tano. Mpagazi angeifurahia hesabu hii. Pima boksi lililokwisha fungwa, usipime kigoda.

Mnunuzi anataka pia kujua mali yake iko wapi. Livingstone alipofika Ujiji Oktoba 1871, alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka Unguja zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Mwaka uliofuata alikaa Kwihara, jirani na Tabora, tangu Machi hadi Agosti akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea. Leo namba ya kufuatilia kifurushi hupunguza wasiwasi huo, mradi uitume siku ileile uliyopewa.

Ushuru wa forodha kwa kawaida ni mzigo wa mnunuzi, lakini yeye anaweza asijue. Marekani ilifuta Agosti 29, 2025 msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi thamani ya dola 800. Anayenunua akiwa huko aambiwe kabla hajalipa, na thamani utakayoandika kwenye fomu iwe ya kweli, maana bima nayo huisoma fomu hiyohiyo.

Hayo yote ni kwa mali inayoruhusiwa kutoka nchini. Wiki ijayo tutaichambua Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na vibali vyake.