Mti karibu na nyumba: kijiti kinatosha kujua urefu wake

Mjini Bukavu, ambako nyumba nyingi zimebanana kwenye miteremko, mkaratusi ukiangushwa vibaya unaweza kuvunja paa la jirani. Kabla ya kutafuta mwenye msumeno, ni lazima kujua mti una urefu gani. Jibu liko katika somo la jiometri ambalo wanafunzi wa sekondari wanalijua kwa jina la Thales, na ambalo wengi hulisahau mtihani ukiisha.

Asubuhi yenye jua, simamisha kijiti cha mita 1. Tuseme kivuli chake kina sentimeta 80, na kile cha mti mita 14,40. Miali ya jua hufika ikiwa sambamba, kwa hiyo kijiti na kivuli chake vinaunda pembetatu yenye pembe zilezile za pembetatu ya mti. Ile ndogo ikikuzwa mara 18 inakuwa ile kubwa. Mti una mita 18, na nyumba iliyo umbali wa mita 15 haiko salama.

Shida ni mlima. Ukipima kijiti mahali tambarare, huku kivuli cha mti kikipanda mteremko, kivuli hicho kinafupika na mti unaonekana mfupi kuliko ulivyo. Hilo ndilo kosa baya zaidi. Tena, saa sita mchana katikati ya Machi au mwishoni mwa Septemba, jua la Bukavu huwa karibu utosini na hakuna kivuli cha kupima.

Wakata miti wa Ufaransa wana njia isiyohitaji jua. Shika kijiti wima, chenye urefu sawa na umbali kutoka jichoni hadi mkononi. Rudi nyuma mpaka ncha zake mbili zifunike shina na kilele. Hapo umbali kati ya jicho na shina ndio urefu wa mti, hata mteremkoni. Jicho ndilo kitovu cha ukuzaji, kile ambacho walimu wetu wanakiita homoteti.

Na ukuzaji hauishii kwenye urefu. Mti uliokua mara mbili kwa kimo na kwa unene wa shina una mbao mara nane, na uzito mara nane. Kamba iliyotosha kuvuta ule mdogo haitoshi kwa huu.