Kamera Inapofika Kijijini: Mambo ya Kujua Kuhusu Filamu za Makala Katika Mikoa ya Iringa na Mbeya

Na Mwandishi Wetu, Iringa

Filamu za makala zinazotayarishwa kwa ajili ya televisheni zimekuwa miongoni mwa njia kuu ambazo watu wa mataifa mbalimbali hutumia kuifahamu nchi wasiyowahi kuitembelea. Mtazamaji aliyeko Beijing, Berlin au New York huketi sebuleni kwake na ndani ya saa moja akaonyeshwa milima, masoko, ngoma, vyakula na historia ya watu walioko maelfu ya kilomita kutoka alipo. Kwa wengi wao, picha hiyo ndiyo itakayobaki kuwa Tanzania wanayoijua.

Kwa wananchi wa Nyanda za Juu Kusini, hususan mikoa ya Iringa na Mbeya, jambo hili lina uzito wa pekee. Mikoa hiyo ina vivutio na simulizi nyingi ambazo bado hazijafika mbali, na kadiri shughuli za utalii zinavyopanuka kuelekea kusini, ndivyo wananchi wanavyoweza kutarajia kuwapokea watayarishaji wa filamu katika vijiji vyao. Makala hii inaeleza namna filamu za aina hii zinavyotayarishwa, sheria zinazozisimamia, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyajua kabla hajasimama mbele ya kamera.

Tofauti ya filamu ya makala na taarifa ya habari

Taarifa ya habari hudumu dakika chache na hujibu maswali ya nani, nini, wapi na lini. Filamu ya makala humchukua mtazamaji na kumketisha ndani ya maisha ya mahali husika. Watayarishaji hukaa siku au wiki kadhaa, hula na wenyeji, huwafuata shambani na kwenye ibada, kisha hurudi na saa nyingi za picha ambazo hupunguzwa hadi kufikia saa moja au chini ya hapo. Inapokuwa mfululizo, kila sehemu humpeleka mtazamaji katika nchi au jamii nyingine.

Katika hatua ya kupunguza picha ndipo uamuzi mkubwa hufanyika. Mzee anaweza kuzungumza kwa saa tatu na yakatumika maneno ya sekunde arobaini. Sekunde hizo huchaguliwa katika chumba cha uhariri, mara nyingi nje ya nchi, na mtu ambaye huenda hafahamu Kihehe, Kinyakyusa wala Kisafwa. Kwa sababu hiyo, makubaliano yanayofanyika kijijini kabla ya kurekodi yana umuhimu mkubwa kuliko malalamiko yanayotolewa baada ya filamu kurushwa.

Uzoefu wa Tanzania

Mfano unaofahamika zaidi kwa Watanzania ni The Royal Tour, mfululizo wa televisheni wa mwandishi wa habari wa Marekani, Peter Greenberg, ambapo kiongozi wa nchi humtembeza mtangazaji nchini mwake. Kabla ya kufika Tanzania, mfululizo huo ulikuwa umezitembelea nchi nyingine zikiwemo New Zealand, Jordan, Mexico, Israel na Rwanda. Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, alishiriki kurekodi sehemu ya Tanzania mwaka 2021, na filamu hiyo ilizinduliwa New York tarehe 18 Aprili, 2022 kabla ya kuzinduliwa Arusha tarehe 28 Aprili mwaka huohuo.

Idadi ya watalii wa kimataifa walioingia nchini ilikuwa 922,692 mwaka 2021, ikapanda hadi 1,454,920 mwaka 2022 na kufikia 1,808,205 mwaka 2023. Hata hivyo, takwimu hizo zinapaswa kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 2019, kabla ya janga la UVIKO-19, Tanzania ilikuwa imepokea watalii 1,527,230, na mwaka 2020 idadi ikashuka hadi 620,867. Kwa hiyo ongezeko la mwaka 2022 lilitokana pia na kufunguliwa upya kwa safari duniani, na ni mwaka 2023 ndipo kiwango cha mwaka 2019 kilipovukwa. Filamu ilikuwa sababu mojawapo iliyofanya kazi pamoja na nyingine.

Ipo pia historia ya zamani zaidi. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, wote raia wa Ujerumani, walikamilisha filamu kuhusu Serengeti iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya makala mwaka uliofuata. Michael alipoteza maisha kwa ajali ya ndege wakati wa kazi hiyo. Filamu hiyo iliifanya Serengeti ijulikane duniani na ikachochea michango mingi kwa ajili ya uhifadhi. Lakini ilijenga pia taswira ya nchi ya wanyamapori ambamo wenyeji wako pembeni mwa simulizi, na taswira hiyo imedumu kwa zaidi ya miongo sita. Faida na hasara hizo mbili zilitoka katika kamera ileile.

Simulizi za Iringa na Mbeya

Mkoani Iringa, takribani kilomita 15 kutoka mjini, kipo kijiji cha Kalenga, yalipokuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti, 1891 majeshi yake yalikishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga Oktoba 1894, na Mkwawa akaendelea kupigana msituni hadi alipojiua Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika Ibara ya 246, uliitaka Ujerumani kulikabidhi fuvu hilo kwa Serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35. Fuvu lilirejeshwa Kalenga tarehe 19 Juni, 1954 na Gavana Edward Twining, na kupokewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Leo fuvu hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.

Kwa muda mrefu, sehemu kubwa ya maandishi kuhusu vita hivyo ilitokana na kumbukumbu za maofisa wa Kijerumani, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na kalamu na kamera. Upande wa Wahehe ulihifadhiwa kwa mdomo, katika familia na katika nyimbo. Mtayarishaji wa filamu anayekuja Kalenga leo anaweza kuridhika na kumbukumbu za upande mmoja, au anaweza kukaa na wazee na kuupata upande wa pili. Lipi litatokea hutegemea kwa kiasi kikubwa jinsi jamii inavyojiandaa kumpokea.

Mfano mwingine unaiunganisha mikoa yote miwili. Katika misitu ya Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, wawindaji walikuwa wakisimulia kuhusu nyani mwenye haya waliyemwita kipunji. Watafiti waliozisikia simulizi hizo walimwona mnyama huyo mwaka 2003. Mwaka uliofuata, kundi jingine la watafiti lilimwona katika msitu wa Ndundulu kwenye Milima ya Udzungwa, takribani kilomita 350 kutoka Rungwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005, na mwaka 2006 ikabainika kuwa mnyama huyo ni wa jenasi mpya kabisa, tukio ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Jina lake la kisayansi ni Rungwecebus kipunji.

Jina hilo limebeba mlima na neno la wenyeji kwa sababu watafiti waliwasikiliza watu waliokuwa wakimjua mnyama huyo. Filamu inayoanza na “ugunduzi” wa mwaka 2003 pekee itakuwa imeruka sura ya kwanza. Aidha, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa kipunji waliokuwepo hawakuzidi sana 1,100, hivyo kelele na msongamano wa watu msituni kwa ajili ya kupata picha nzuri vinaweza kumdhuru mnyama yuleyule anayekusudiwa kutangazwa.

Orodha ya maeneo yanayoweza kuvutia watayarishaji ni ndefu. Yapo mabonde ya Isimila nje kidogo ya mji wa Iringa, yenye zana za mawe za binadamu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Ipo Hifadhi ya Taifa Ruaha. Lipo Ziwa Ngosi lililo ndani ya kreta ya volkano, na Daraja la Mungu katika Mto Kiwira wilayani Rungwe. Ipo pia Hifadhi ya Taifa Kitulo, maarufu kama Bustani ya Mungu, iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake.

Sheria zinasemaje

Utayarishaji wa filamu nchini unasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, ambayo inamtaka mtayarishaji kuwa na kibali kinachotolewa kupitia Bodi ya Filamu Tanzania. Kwa marekebisho yaliyofanyika mwaka 2019, mtayarishaji wa kigeni anayetumia maudhui au maeneo ya Tanzania anapaswa pia kuwasilisha picha alizorekodi pamoja na orodha ya maeneo aliyoyatumia, na kuiruhusu nchi kuitumia filamu hiyo kuitangaza Tanzania.

Waandishi wa habari, kwa upande wao, wanatakiwa kuwa na ithibati kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Kibali cha filamu pekee hakimfungulii mtayarishaji kila lango. Kurekodi ndani ya Ruaha au Kitulo kunahitaji idhini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Msitu wa Mlima Rungwe uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Maeneo ya malikale kama Isimila yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Matumizi ya ndege zisizo na rubani, maarufu kama droni, yanasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua haki ya mtu juu ya taarifa zinazomhusu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za wasanii na inatambua pia sanaa za jadi, jambo linalogusa ngoma, nyimbo na simulizi ambazo mara nyingi huchukuliwa kama mali isiyo na mwenyewe.

Mwananchi afanye nini

Hatua ya kwanza ni kuuliza kibali. Mtayarishaji anayefuata utaratibu hawezi kukasirika akiombwa kukionyesha, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au Kata. Uongozi ukiwa na shaka, uwasiliane na Afisa Utamaduni wa Halmashauri, ambaye ana njia ya kuifikia Bodi ya Filamu.

Hatua ya pili ni kujua filamu inahusu nini na itaonyeshwa wapi. Anayerekodiwa ana sababu ya kutaka kufahamu iwapo maneno yake yatatumika katika kipindi cha historia, tangazo la biashara au mjadala wa siasa. Maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoielewa, na karatasi ya ridhaa isisainiwe kabla haijasomwa na kufafanuliwa. Kwa picha za watoto, ridhaa itolewe na mzazi au mlezi.

Hatua ya tatu inahusu lugha na jina. Mzee akizungumza Kihehe au Kinyakyusa, kijiji kinaweza kuomba mtu wake anayeifahamu vema lugha hiyo aipitie tafsiri. Msimulizi aombe pia jina lake liandikwe kwenye filamu kama linavyoandikwa jina la mtaalamu anayehojiwa chuo kikuu.

Hatua ya nne ni kuomba nakala. Sheria inaiwezesha nchi kupata nyenzo kutoka kwa watayarishaji wa kigeni, lakini nakala iliyoko Dar es Salaam au Dodoma haimfikii moja kwa moja mwanafunzi wa shule ya msingi Kalenga au Kiwira. Kijiji kinaweza kuweka sharti hilo katika makubaliano yake, kwamba filamu ikikamilika nakala moja iletwe shuleni au katika ofisi ya kijiji. Gharama yake kwa mtayarishaji ni ndogo. Kwa jamii, nakala hiyo inaweza kuwa kumbukumbu pekee ya sauti ya mzee ambaye miaka kumi baadaye hatakuwepo.

Fursa kwa watayarishaji wa ndani

Simulizi za Nyanda za Juu Kusini hazilazimiki kumsubiri mgeni. Desemba 2018 Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) lilianzisha chaneli ya Tanzania Safari kwa ajili ya kutangaza utalii na utamaduni wa nchi. Vijana wa Mbeya na Iringa wanaojifunza uandishi wa habari na utayarishaji wa vipindi wana faida ambayo mgeni hawezi kuinunua: wanazifahamu lugha, wanawafahamu wazee, na wanaweza kurudi kijijini mara ya pili na ya tatu pale ambapo maelezo hayakutosha. Nao pia wanatakiwa kuwa na kibali, na wazee wana haki ya kuwauliza maswali yaleyale.

Wananchi wanahimizwa kuwapokea kwa ukarimu watayarishaji wanaofuata utaratibu, kuwapatia taarifa sahihi, na kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji au Halmashauri pale wanapoona shughuli za kurekodi zinaendelea bila kibali.